Msomee Mwenzako Kabla Mhadhiri Hajamsoma

"Kazi nzuri, hongera." Maneno hayo huandikwa kwa wingi mno katika mifumo ya masomo ya mtandaoni ya vyuo vikuu vya Sydney, hasa dakika chache kabla ya saa sita usiku, muda wa mwisho unapokaribia. Mwanafunzi amegawiwa rasimu za wenzake azisome na kuzitolea maoni. Amechoka, kesho alfajiri ana zamu katika nyumba ya kutunzia wazee, na insha yake mwenyewe bado haijakaa sawa. Anafungua rasimu ya kwanza, anapitisha macho kwenye aya mbili, anabonyeza alama nne kati ya tano, anaandika hongera yake, anahamia nyingine. Upande wa pili yuko mwenye rasimu, ambaye alitaka kujua jambo moja tu: je, nimeeleweka? Hakujibiwa.

Wito huu ni kwenu, wadogo zangu mnaozungumza Kiswahili na kusoma katika mji huu: Wakenya, Watanzania, Wakongo, Warundi, Wanyarwanda na Waganda, mlioko Chuo Kikuu cha Sydney pale Camperdown, Chuo Kikuu cha Teknolojia (UTS) pale Ultimo, Chuo Kikuu cha New South Wales (UNSW) kule Kensington, Macquarie, na kampasi za Western Sydney kuanzia Parramatta hadi Campbelltown. Ninawaomba mambo mawili. Mkipewa kazi ya mwenzenu mtandaoni, isomeni kwelikweli na mwandike neno litakalomsaidia. Na mkisomewa yenu, mrudishieni jibu aliyewasomea. Hilo la pili halitajwi sana, nami nitalirudia, kwa sababu naamini hapo ndipo penye siri ya kumfanya mtu apende kazi hii.

Mji huu una historia yake katika jambo hili. Mwaka 2002 Mark Freeman na Jo McKenzie wa UTS walichapisha makala kuhusu programu ya mtandaoni iitwayo SPARK. Shida waliyokuwa wakiishughulikia inajulikana na kila aliyewahi kufanya kazi ya kundi: watano wanapewa mradi, wawili wanakesha, watatu wanatia majina yao, wote wanapata alama sawa. SPARK ilimwezesha kila mmoja kuwakadiria wenzake na kujikadiria mwenyewe kwa siri, kwa vigezo vilivyokubaliwa mapema. Baadaye Keith Willey na Anne Gardner, waliokuwa wakifundisha uhandisi chuoni hapohapo, waliiendeleza ikawa SPARKPLUS.

Programu hiyo hutoa namba mbili. Ya kwanza hulinganisha mchango wako na wastani wa kundi, na hutumika kuigeuza alama ya kundi iwe alama yako. Ya pili hulinganisha ulivyojikadiria na wenzako walivyokukadiria: ikizidi 1, umejipandisha kuliko walivyokuona, ikipungua 1, umejishusha. Hiyo ya pili ndiyo ninayoipenda. Mhadhiri mwenye wanafunzi mia tatu hawezi kukuambia kwamba unajidharau bure, lakini wenzako wanne mliokaa pamoja muhula mzima wanaweza. Willey na Gardner nao walitaka zana hii isiishie kuwanasa wavivu. Walitaka wanafunzi wajifunze kwa kusikia maoni ya wenzao na kuyajadili.

Chombo kingine kilizaliwa upande wa pili wa bara hili, mjini Perth. Martin Dougiamas alitoa toleo la kwanza kamili la Moodle mwaka 2002, na Moodle imetumika UNSW na Macquarie kama ilivyotumika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Ndani yake kuna sehemu ya kusomeana kazi ambayo humpa mwanafunzi alama mbili: moja kwa kazi aliyoiwasilisha, nyingine kwa namna alivyozikagua za wenzake. Aliyetengeneza sehemu hiyo alielewa kwamba kusoma kwa makini ni kazi, na kazi hustahili malipo. Nataja haya ili mwanafunzi asidhani kwamba anapoambiwa akague rasimu ya jirani, mhadhiri anakwepa kusahihisha.

Kwa hiyo, unapata nini ukimsomea mwenzako?

Kristi Lundstrom na Wendy Baker walilichunguza swali hilo Marekani, katika Chuo Kikuu cha Brigham Young, wakachapisha matokeo mwaka 2009. Wanafunzi wao walikuwa 91, na wote walikuwa wakijifunza Kiingereza kama lugha ya kigeni. Waliwagawa: kundi moja lilitoa maoni tu juu ya insha za wengine bila kupokea chochote, kundi jingine lilipokea maoni tu na kujifunza kuyatumia. Mwisho wa muhula walipima uandishi wa kila mmoja. Waliotoa walikuwa wamesonga mbele zaidi katika uandishi wao wenyewe kuliko waliopokea. Na miongoni mwa waliotoa, waliofaidika zaidi ni wale ambao Kiingereza chao kilikuwa bado chini.

Someni tena sentensi hiyo ya mwisho, ninyi mnaokaa kimya darasani kwa sababu ya lafudhi. Najua mnachojiambia: mimi niliyejifunza Kiingereza baada ya Kiswahili, na Kiswahili baada ya Kishi au Kikamba, nitamwambia nini mtoto aliyezaliwa Manly? Utamwambia ulipopotea. Anayesoma kazi ya mwenzake haombwi afundishe sarufi. Anaombwa awe msomaji na aseme kilichomtokea aliposoma. Kama hoja ya aya ya tatu haikukufikia, huo ni ushahidi ambao mwandishi hana njia nyingine ya kuupata, na hauna uhusiano na lafudhi yako. Tena wewe uliyezoea kuipima kila sentensi kabla ya kuitoa kinywani unaweza kuiona sentensi tupu ambayo mzawa wa lugha anaipita kwa mazoea.

Sababu ya mtoaji kufaidika si ngumu kuielewa. Kinyozi hajinyoi. Macho yako yameizoea insha yako, yanasoma ulichokusudia badala ya ulichoandika. Ukikutana na kosa lilelile kwa mwenzako, unaliona limesimama peke yake, halafu usiku huo ukirudi kwako unalikuta limelala hapo tangu wiki iliyopita. Royce Sadler, mtaalamu wa elimu wa hapahapa Australia, aliandika mwaka 1989 kwamba mwanafunzi hawezi kuboresha kazi yake mpaka awe na picha ya ubora inayokaribiana na ile aliyo nayo mwalimu, na aweze kuipima kazi yake wakati bado anaifanya. David Boud, aliyekuwa profesa UTS, na wenzake wameendelea kulisisitiza hilo kwa miaka mingi: chuo kimwache mtu akiwa na uwezo wa kuamua mwenyewe kazi ipi ni nzuri na kwa nini. Siku utakapokuwa muuguzi wa zamu ya usiku Westmead, au mhandisi wa barabara kule Kitui, hakutakuwa na mhadhiri wa kukupa alama. Utapima mwenyewe, na utapimwa na wenzako.

Kuna kizuizi kingine nisichotaka kukipita haraka, maana ni cha kwetu. Wengi wetu tumelelewa kutomkosoa mtu hadharani, na hasa aliyetuzidi umri. Darasani Sydney unaweza kuwa na miaka 20 na ukapangiwa rasimu ya mama wa miaka 45 aliyerudi shule baada ya kulea. Mkono unasita. Unaandika hongera na kuona kwamba umemstahi. Mimi nasema hujamstahi. Umemwacha aende mbele ya mtahini na shimo ambalo wewe ulikwisha kuliona.

Wala si kweli kwamba utamaduni wetu haujui kukosoana. Gazeti la Mambo Leo, lililoanza Tanganyika mwaka 1923, lilikuwa uwanja wa washairi waliojibizana kwa beti, na kurasa za mashairi za Taifa Leo mjini Nairobi zimeiendeleza desturi hiyo. Mshairi Euphrase Kezilahabi alipotoa diwani ya Kichomi mwaka 1974, yenye mashairi yasiyofuata vina na mizani, wanamapokeo na wanausasa walibishana kwa miaka mingi. Maneno mengine yalikuwa makali. Lakini waliobishana vizuri walitaja ubeti, wakataja vina, wakaeleza kwa nini waliona ni shairi au si shairi. Msomaji aliyekuwa pembeni alitoka akiwa ameelimika, hata kama hakukubaliana na yeyote. Adabu yetu haijawahi kutukataza kusema kitu kina kasoro. Imetuonyesha namna ya kusema.

Basi tuchukue mfano. Mwenzako wa uuguzi ameandika kuhusu uchovu kazini. Unaweza kumwandikia hivi: "Aya ya pili inasema wauguzi wa usiku huchoka zaidi, lakini utafiti ulioutaja unahusu zamu za mchana. Nilipofika hapo nilisita, sikujua niamini lipi. Je, una ushahidi wa usiku, au unaweza kueleza kwa nini huu wa mchana unatosha?" Maoni hayo yametaja mahali, yamesema kilichomtokea msomaji, na yamemwachia mwenye kazi uamuzi. Hayakumwita mvivu, wala hayakumwandikia aya mpya. Mama wa miaka 45 atayasoma bila kuona kwamba amevunjiwa heshima, na kuyaandika hakuhitaji zaidi ya dakika tano. Maoni mawili ya namna hiyo kwa kila rasimu yanatosha kabisa. Na kama kuna jambo lililokufurahisha, lisemwe kwa umahususi uleule: mfano upi, sentensi ipi. Sifa isiyo na mahali haimsaidii mtu kurudia alichofanya vizuri.

Muda najua ni adimu. Tangu Julai 2023 wenye viza ya mwanafunzi wameruhusiwa kufanya kazi saa 48 kwa kila wiki mbili muhula unapoendelea, na wengi wenu mnazitumia zote, kwa sababu kodi ya nyumba Sydney haina huruma na nyumbani wanangoja. Uzuri wa kazi hii kuwa mtandaoni ni kwamba haikutaki uwe mahali fulani saa fulani. Treni ya kutoka Mount Druitt hadi Central inatosha rasimu moja kwenye simu. Ninachoomba ni kwamba usomaji huo uhame kutoka dakika za mwisho za Jumapili, uingie katika saa ambayo akili yako bado inaona.

Na tafadhali, usiibandike rasimu ya mwenzako kwenye programu ya akili mnemba ili ikuandikie maoni. Ile si kazi yako ya kugawa. Mwenzako amekukabidhi mawazo ambayo hayajakomaa, akikuamini wewe na darasa. Zaidi ya hayo, umekwisha kuona faida iko wapi: iko katika kusoma kwako, kusita kwako, kutafuta kwako neno la kueleza kwa nini umesita. Mashine ikifanya hayo, mwenzako huenda akapata aya safi za ushauri, lakini wewe utabaki ulivyokuwa.

Mpaka mwingine nauweka wazi kwa sababu unatugusa. Nairobi na miji mingine ya Kenya wamekuwapo wahitimu wengi hodari walioishi kwa kuwaandikia wanafunzi wa Ulaya, Marekani na Australia insha kwa malipo. Australia ilipitisha sheria mwaka 2020 ya kuwaadhibu wanaotoa huduma hizo, na mwanafunzi anayenunua yuko hatarini kufukuzwa. Mimi sina mawe ya kuwatupia vijana hao. Wengi walikuwa na shahada na hawakuwa na ajira. Huzuni yangu ni kwamba kipaji kikubwa cha kusoma, kupanga hoja na kuandika kilitumika kwa jina la mtu mwingine, gizani, na mwenye jina hakujifunza kitu. Kusomeana kazi ni kinyume cha biashara hiyo. Hapa kila mtu anabaki na kalamu yake. Soma, uliza, onyesha, kisha ondoa mkono. Ukijikuta unamwandikia sentensi zake, umevuka.

Sasa nirudi kwenye lile nililoahidi kulirudia: kumrudishia jibu aliyekusomea. Vyuo vimejaribu mengi ili kuwavuta wanafunzi wasomeane kazi. Alama ni njia moja. Nishani za kidijitali ni nyingine: ng'ambo ya bahari ya Tasman, Paul Denny wa Chuo Kikuu cha Auckland alitengeneza PeerWise, ambamo wanafunzi hutunga maswali ya mtihani, huyajibu na kuyakosoa ya wenzao. Alipojaribu kuwapa baadhi yao nishani, waliopewa walichangia zaidi na kwa siku nyingi zaidi, bila ubora wa michango kushuka. Vizuri. Lakini sidhani kwamba nishani peke yake inaweza kumfanya mtu aliyetoka zamu ya saa nane aisome aya ya mgeni mara mbili. Kitakachomfanya ni kujua kwamba mara ya mwisho alipofanya hivyo kuna kitu kilibadilika. Na hatajua asipoambiwa.

Kwa hiyo ukipokea maoni, jibu. Mistari mitatu inatosha: hili nimelitumia, hili nimelifikiria nikaliacha kwa sababu hii, ahsante. Hata yule aliyeandika "Kazi nzuri" mwulize swali: aya ipi ilikushawishi zaidi, na wapi ulichoka? Mara nyingi mtu aliyeandika maneno mawili ana mengine kumi, ila hakuwa na uhakika kwamba yanatakiwa.

Wahadhiri, mnaweza kulifanya hili liwe jepesi au lisiwezekane. Kabla hamjawagawia wanafunzi rasimu, kaeni nao msome moja pamoja, ya mwaka jana, ambayo mwenyewe ameruhusu, mkiujaza ukurasa wa vigezo kwa sauti ili wasikie mnavyofikiri. Toeni alama kwa ubora wa maoni. Achieni wiki nzima kati ya maoni na kuwasilisha kazi, maana maoni yanayofika saa kumi na mbili kabla ya muda wa mwisho hayasomwi. Kuhusu majina, mimi naona mwaka wa kwanza yafichwe, ili mgeni apate ujasiri wa kusema. Kuanzia mwaka wa pili yawekwe wazi, ili kila mmoja azoee kuyasimamia maneno yake mbele ya anayeyapokea. Wenzangu wengine wanaona yafichwe daima kwa kuhofia kupendeleana. Hoja yao ina uzito, ila kazini hakuna atakayetuficha.

Nanyi mliokwisha kuhitimu, mlioko Auburn, Merrylands, Liverpool na Blacktown, mnaokutana kwenye harusi na misiba: mwulizeni kijana wa meza ya jirani anasomea nini, na kama kuna rasimu angependa mtu aisome. Shahada yako ya uhasibu haikuzuii kumwambia mwanafunzi wa sosholojia kwamba ukurasa wa nne haukueleweka.

Muhula wa pili katika vyuo vingi vya hapa huanza mwishoni mwa Julai au mwanzoni mwa Agosti. Kabla haujaanza, kila mmoja wenu atafute watu wawili wa kusomeana nao, mbali na wale ambao mfumo wa chuo utawapangia. Mmoja awe hapa Sydney, mnayeweza kuketi naye Jumamosi katika maktaba ya Max Webber pale Blacktown na kuijadili kwa Kiswahili hoja ambayo itaandikwa kwa Kiingereza. Mwingine awe nyumbani, Dar es Salaam, Eldoret au Goma, anayesoma fani inayokaribiana na yako. Mwezi Agosti sisi tuko mbele ya Dar kwa saa 7: rasimu utakayoituma saa nne usiku kabla ya kulala itamfikia saa tisa alasiri, naye ana jioni nzima ya kuisoma. Ukiamka utakuta maoni. Kabla hujatoka kwenda kazini, mwandikie yale majibu ya mistari mitatu, na umwombe rasimu yake.